Fundo Kwenye Pembe ya Kikwembe

Kadutu, Bukavu

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla ya habari, maana habari zenyewe zimenichanganya na sijui nizishike upande gani. Goti lako linaendeleaje? Bado unapanda mpaka shamba la mihogo, au umekubali kupumzika kidogo? Yule mbuzi mweupe ameshazaa? Sisi huku tunapumua. Neema ameota meno ya juu na anamwuma kila anayembeba, hata padri alipomshika Jumapili aliondoka anajipuliza kidole. Baba Neema yuko na kazi yake ya kuchomelea milango ya chuma. Siku moja kuna kazi, siku nyingine anarudi na vumbi tu. Mdogo wangu Riziki anasoma vizuri. Kila asubuhi anavaa bluzi yake nyeupe ya wauguzi, anasimama mbele ya kioo, na mimi namwambia, "Infirmière, wagonjwa watakufa wewe ukiwa unajitazama."

Utashangaa kwa nini nakuandikia badala ya kupiga simu. Mama, simu ya huko kwenu ni ile moja ya Tonton Marco, na Tonton Marco hajui kuongea bila kuiweka kwenye sauti kubwa, kijiji chote kisikie. Jambo hili silitaki kwenye sauti kubwa. Yeye mwenyewe yuko hapa mjini kutafuta vipuri vya pikipiki, ndiye atakayekuletea barua hii. Nimeifunga kwa gundi. Ukikuta imefunguliwa, unajua wa kumwuliza. Masista walikufundisha kusoma, basi soma peke yako, usimpe mtu akusomee.

Swali langu ni moja tu: Mama, ulifunga nini kwenye pembe za vile vikwembe?

Ngoja nianze mwanzo. Ulipotuma lile sanduku lako la vitenge, ukasema vikwembe haviwezi kulala sandukuni huku Riziki anafukuzwa darasani kwa ajili ya karo, nililia kidogo, halafu nikafanya kazi. Nilivipanga kitandani karibu na dirisha, nikapiga picha kila kimoja, nikaweka kwenye kile kikundi cha WhatsApp cha akina mama wanaouziana vitu. Niliandika: "Vikwembe vya mama yangu, vya zamani, havichuji." Na ili watu waamini, niliweka picha yako, ile uliyopiga umeshika kifuniko cha sanduku unacheka. Ah, walikupenda! "Maman muzuri hivi, bikwembe yake lazima iko ya kweli." Viliisha haraka kuliko nilivyofikiri, kikabaki kile cha bluu chenye ndege ambacho sikutaka kukiuza. Pesa zote nilizipeleka shuleni kwa Riziki siku ileile, nisije nikazigusa.

Kosa langu ni kwamba sikuvikunjua. Unawajua watu wa hapa, kikwembe kikishakunjuliwa wanasema kimevaliwa. Wanataka mikunjo ya dukani na ile karatasi yake bado imebandikwa, na wewe hata vile ulivyovaa sikukuu ulivikunja upya hivyohivyo, karatasi juu. Kwa hiyo nilivitoa sandukuni kama vilivyokuwa, nikaviuza kama vilivyokuwa, sikuangalia ndani.

Basi, baada ya siku chache napata ujumbe wa sauti kutoka kwa Maman Adèle, mteja wa Bagira. Nakuandikia maneno yake kama alivyosema:

"Maman Neema, mi sikutukane, lakini hii mambo hapana. Nafungua kikwembe niende nayo kwa fundi, naona mu pembe kuko fundo. Nagusa, naona kuko kitu ndani. Njo nini hii, maman? Dawa ya nani? Mi niko mutu wa maombi! Unirudishie feza yangu, na iwe leo."

Nilimjibu, "Maman, tulia kwanza. Pengine iko naftaline ya kufukuza wadudu."

"Naftaline njo banafungaka na kamba ya mugomba? Unirudishie feza!"

Nilikimbilia kile kikwembe cha ndege, nikakikunjua, na kweli, kwenye pembe, kwa ndani, fundo dogo limekazwa kwa kamba ya mgomba. Sikulifungua. Nitakuambia ukweli wangu kwa sababu wewe ni mama yangu: niliogopa. Niliogopa kitu kilichofungwa na mikono yako. Nilikiweka juu ya kabati, na usiku huo Neema alilala katikati yetu.

Kabla sijamjibu tena Maman Adèle, alikuwa ameshaitoa habari kikundini, na wote waliokuwa wamenunua wakaenda kupapasa pembe. Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka. Mteja wa Kavumu alirudisha kikwembe chake kwa dereva wa gari la abiria, na dereva alikataa kukaa nacho ndani, akakifunga juu na mifuko ya makaa. Kilifika kimekatwa pembe kwa mkasi, kisha mwenyewe anataka pesa yote, si pungufu hata kidogo. Namuuliza nani atanunua kikwembe chenye pembe tatu, ananiambia niulize mama yangu.

Binti mmoja anayejiandaa kuolewa naye anadai pesa yake. Namwambia sawa, lete kikwembe. Anasema hakipo, mchungaji wao amekichoma mbele ya kanisa lote wakipiga makofi. Sasa ananidai pesa ya majivu. Na mwalimu mmoja wa Mumosho, yeye aliwazidi wote. Alikuwa ameshashona robe, gauni la sherehe, ameivaa kwenye harusi ya mdogo wake, amecheza nayo mpaka asubuhi. Anasema:

"Robe nitabakia nayo, juu nimeisha kuiombea. Lakini tangu ndoa kichwa inaniuma. Unirudishie ata nusu, ya kichwa."

Riziki alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza kucheka, maana jioni hiyo picha yako ilirudi kikundini. Walikuwa wamezungushia mkono wako duara jekundu, ule mkono ulioshika kifuniko cha sanduku, na chini wameandika: "Muangalie muzuri huyu maman." Mama, ni picha niliyoiweka mimi. Niliitazama mpaka simu ikazimika. Hawakuandika mchawi, lakini unajua neno hilo linavyowafanya wanawake wa umri wako. Linaanza hivi hivi, na kicheko, halafu siku moja mtu anaugua mahali fulani na watu wanakumbuka.

Tangu hapo sijui nifanye nini. Nikirudisha pesa, nimekubali kwamba ni dawa. Nikikataa, mimi ni mwizi, na mama yangu ni yuleyule wanayemsema. Baba Neema anasema nirudishe kimyakimya, tutakopa, maneno yatakufa. Riziki anasema nisirudishe hata senti, kwa sababu vitambaa havikuwa na kasoro. Ninamsikiliza mmoja, naona ana haki. Ninamsikiliza mwingine, naona naye ana haki. Halafu Baba Neema akaongeza, bila kunitazama usoni, kwamba labda Krismasi hii usije kwanza kwa ubatizo wa Neema. "Mama abakie kule kidogo, mpaka watu basahau." Unamjua, si mtu mbaya, anakupenda. Lakini nilishindwa kumaliza ugali wangu.

Maman Adèle hakungoja. Alhamisi alikuja nyumbani mwenyewe, na akina mama wawili wa kikundi chake cha maombi, wote wamevaa vilemba vyeupe. Niliwapa viti, nikawapa chai, mmoja tu ndiye aliyekunywa. Maman Adèle akatoa kikwembe kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka mezani kwa ncha za vidole. Kilikuwa kile cha kijani chenye mashada ya ndizi, ulichokuwa unakivaa Pasaka.

"Fungua, tuone," akasema.

"Fungua wewe, maman, kikwembe iko yako."

"Ah, hapana! Mikono yako, kitu ya mama yako."

Nikaanza kufungua. Ile kamba uliikaza kweli, ikabidi nitumie meno, na mmoja wa wale akina mama akasema "Yesu!" nilipoitia mdomoni. Ndani kulikuwa na majani makavu yaliyovunjikavunjika, karibu meusi, na vijimbegu vidogo. Basi. Hakuna nywele, hakuna kucha, hakuna mfupa. Tukayatazama sote.

"Iko tumbaku," akasema mmoja.

"Haiko tumbaku. Tate, mama ya baba yangu, alikuwa anatupatia hii, dawa ya minyoo," akasema mwingine, ndiye aliyekunywa chai.

"Minyoo mu kikwembe?" akasema Maman Adèle. "Munusie!"

Hakuna aliyetaka kunusa. Nikainama mimi.

Mama, ilikuwa harufu ya chumba chako. Ilikuwa harufu ya sanduku linapofunguliwa asubuhi ya sikukuu, sisi tumesimama mlangoni na miguu iliyopakwa mafuta, tunangoja kuona utavaa kipi. Sikujua kwamba harufu ile inatoka kwenye kitu. Nilidhani ni yako tu, kama sauti yako. Na sikupata hata muda wa kujizuia, nililia pale mezani mbele ya wageni, kilio cha kukosa pumzi.

"Munaona?" akaruka Maman Adèle. "Munaona? Imemushika!"

Wakaanza kuniombea kwa sauti, mikono juu ya kichwa changu. Mimi nataka kuwaambia hapana, ni mama yangu, nimemkumbuka mama yangu, lakini kila nikisema "mama" wanazidisha. Neema akafikiri ni wimbo, akawa anapiga makofi chini. Wakati huo Riziki akaingia kutoka hospitali na bluzi yake nyeupe.

"Kuko nini? Nani amekufa?"

Nikamnyooshea yale majani. Akayanusa, akanitazama. "Ah, yaya," akaniambia mimi dada yake, "hii si iko sanduku ya mama?" Naye akaanza kulia.

Wale akina mama walipoona tumekuwa wawili, walitoka mbio. Yule aliyekunywa chai ndiye peke yake aliyesema kwaheri. Nikamkimbilia Maman Adèle na pesa yake mpaka kwenye ngazi, maana nilikuwa nimeamua kumpa, nilikuwa nimeikopa kwa jirani ili tu haya yaishe. Akarudi nyuma kama ninamnyooshea moto.

"Feza yako sitaki tena! Nayo imeguswa!"

Kwa hiyo nieleze, wewe uliyenizaa. Alidai pesa, nimempa, amekataa. Kikwembe chake ninacho, pesa yake ninayo, na kikundini bado anasema mimi ndiye mwizi. Nimewaza sana na sijaelewa. Yule binti wa majivu sijamjibu. Yule wa kichwa kinachouma nimemwambia aje nimpe dawa ya Riziki, akaniuliza ni dawa ya aina gani, nikaona nimejichongea tena. Wa Kavumu tu nimemrudishia, kwa sababu kile chake kimerudi kweli, na kile cha pembe tatu nimemshonea Neema gauni.

Kitu kimoja tu ndicho nilichofanya bila kuchanganyikiwa. Jumapili nilichukua kile cha kijani cha Pasaka, nikalifunga lile fundo upya kama nilivyoweza, si vizuri kama wewe, nikakivaa kwenda misani. Baada ya misa Riziki akanipiga picha mbele ya nyumba, na Neema mgongoni. Nikaiweka kikundini, palepale walipoweka mkono wako na duara lao, nikaandika: "Kikwembe cha mama yangu. Hakiuzwi." Wengine wakatoka kwenye kikundi. Yule aliyekunywa chai aliniandikia pembeni kuuliza kama kuna kingine kama hicho, na kama fundo litakuwamo.

Baba Neema aliiona ile picha. Akasema atatengeneza kitanda cha chumba kidogo, kile unacholalia wewe ukija, kinacholia mtu akigeuka.

Nisalimie shangazi, mwambie dawa ya presha nimeiagiza. Nisalimie kaka yangu mkubwa na mke wake, na watoto wao ambao siku hizi hata majina nayachanganya. Nisalimie nyanya mzaa baba, mwambie Neema amechukua paji lake la uso. Msalimie na mama mkwe wangu mkikutana sokoni, lakini haya ya vikwembe usimwambie, atasali zaidi ya wale. Riziki anakusalimu kuliko sisi wote na anasema barua yake itakuja baada ya mitihani.

Sasa lile swali langu la mwanzo. Niambie ni majani gani. Kwanza nilitaka nijue ili niwajibu wateja, lakini hao nimewachoka. Nataka kujua kwa sababu kila nikilifungua lile fundo kunusa, harufu inapungua, na sijui mmea wake, sijui unachumwa wapi, sijui unakauka siku ngapi, na nina mtoto wa kike.

Usimpe Tonton Marco ayalete. Yalete wewe mwenyewe, Krismasi, mkononi, kila mtu wa barabara yetu akuone unashuka.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,

Wabiwa, Mama Neema