Miale Iliyotembea Uwanjani

Mjukuu wangu Editha,

Marahaba. Huku Rulenge hatujambo. Bibi yako anaanika maharage. Unauliza ufanyeje, maana wanafunzi wako chuoni wanakariri kanuni ya eksirei kwenye fuwele, yaani kitu kama chumvi ambacho atomi zake zimejipanga safu kwa safu, bila kuona miale inavyopita.

Nilipokuwa mwalimu kijana, mwanafunzi wangu Sesilia alilia akitaka kuacha fizikia kwa sababu ya mawimbi. Nikalitoa darasa nje, uwanjani, nikachora chini mistari miwili kama safu za atomi, wa mbele karibu nasi na wa nyuma mbali kidogo. Sesilia na mwenzake, wakiwa ndio miale, walitembea sawia kama gwaride. Mwenzake akageuka kurudi kwenye mstari wa mbele, yeye kwenye ule wa nyuma.

Waliporudi akapaza sauti: "Mwalimu, nimekwenda mbali zaidi, na bado miguu yetu inalingana!"

"Sogezeni mstari wa nyuma kidogo," nikasema.

Walipotembea tena, miguu ikapishana, kama mawimbi yanayofutana badala ya kuimarishana. Sesilia akacheka, akaanza kuwapanga wenzake mwenyewe. Nikakaa kwenye majani, nikamsikiliza akifundisha.

Watoe nje, mama.

Babu yako Gervasi