Unga Mlangoni kwa Jirani Mpya

Kaskazini mwa Fort Worth, Texas
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Faraja,

Shikamoo. Kwanza nakuuliza goti, maana mara ya mwisho ulisema ngazi za kanisani zimekuwa mlima. Shemeji anaendeleaje na kifua? Na mvua za huko Kigoma zimewaachia barabara? Sisi huku ni wazima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu sitaki kuanza kwa uongo. Mama haishi tena kwangu. Hii ni wiki ya tano yuko Houston kwa mdogo wetu Zawadi. Ukimpigia atakuambia ameenda kumsaidia Zawadi kulea mtoto. Si hivyo. Ameondoka kwa sababu yangu, na sijui kama atarudi.

Unajua tabia yangu ya daftari, tangu sekondari kule kambi ya wakimbizi. Nimelifungua hapa mezani nisije nikaruka jambo.

Siku tuliyohamia mtaa huu niliandika: "Nyumba kumi na moja. Ng'ambo ya barabara, ng'ombe." Barabara yetu iliishia kwenye uzio wa waya, na ng'ombe weusi walisimama wakitutazama tukishusha vitanda. Lakini lango la mtaa lilikuwa limeshajengwa, la matofali, na jina la mtaa na maua pembeni, kana kwamba watu wenyewe wangefuata baadaye. Kisha yakaja magari ya zege. Wakapima viwanja, wakachomeka vibendera vya rangi mahali mabomba yatakapopita, na nyumba zikaanza kusimama, siku chache mbao, siku chache matofali, halafu nyasi zinaletwa zimekunjwa kama mikeka na kutandazwa. Kila nyumba mti mmoja, umefungwa kamba kwenye vigingi. Siku ng'ombe walipoondoka sikuiandika. Niliangalia tu, hawapo.

Nyumba hii niliichukua kwa ajili ya Mama. Nilitaka baada ya miaka yote ile ya maturubai apate ukuta ambao hakuna mtu atakuja kumwambia auache. Yeye alizunguka vyumba vyote, akatoka nje, akaangalia barabara, akacheka.

"Elia, umenitoa kambini ukanileta kambini. Nyumba zote sura moja, viwanja vina namba, na wageni kila wiki. Tofauti ni foleni ya maji tu."

Unakumbuka kambini familia mpya ikipewa kiwanja, inakaa siku kadhaa bila mgao kwa sababu kadi haijatoka. Mama hakukubali walale na sufuria tupu. Alikuwa anapima unga, anafunga kwenye mfuko, anakutuma wewe, na kama hupo anapeleka mwenyewe. Basi hapa ameendelea. Lori la mizigo likisimama mtaani anajifunga kitenge, anajaza unga wa mahindi kwenye mfuko wa plastiki, anapiga fundo, anakwenda.

Nilimwambia, "Mama, hawa friji yao ni kubwa kuliko jiko tulilokuwa nalo."

"Friji imejaa vya jana. Leo wamechoka, nani amewapikia?"

Nyumba ya kwanza alipokelewa na bibi mmoja Mhindi, hawana lugha hata moja ya kuwakutanisha. Baada ya siku mbili yule bibi alikuja na sahani ya vitu vitamu vya maziwa, wakakaa kibarazani wakishikana mikono na kucheka sijui nini. Wengine walipokea kwa tabasamu na kufunga mlango. Mmoja aliutupa, Mama akauona mfuko wake juu ya pipa siku ya taka. Alisema, "Labda ulikuwa na wadudu."

Hapo ndipo nilipopaswa kumzuia. Watu wa hapa, Dada, hawakai nje. Mtu anarudi kazini, mlango wa gereji unafunguka wenyewe, unameza gari, unajifunga. Majirani zangu nawajua kwa magari yao. Mazungumzo yao yako kwenye simu, kuna ukurasa wa mtaa ambapo wanaandikiana kwamba mbwa amepotea, fulani hajarudisha pipa lake, kuna mtu asiyejulikana anapita polepole. Mimi nausoma kila siku. Nilijua jinsi wanavyoogopa mtu mgeni akisimama mlangoni. Mama sikumwambia, kwa sababu ndiyo ilikuwa furaha yake peke yake.

Sasa ile Jumamosi. Familia mpya ilikuwa imeingia kwenye nyumba ya kona. Mama alibisha hodi asubuhi, hakuna aliyefungua. Akaacha mfuko juu ya mkeka wa mlangoni, akarudi kuosha vyombo. Kumbe kengele yao ina kamera. Kamera imeona mwanamke mzee mwenye kilemba ameweka mfuko wa unga mweupe usio na jina, ameangalia kushoto na kulia, ameondoka.

Huku unga mweupe usio na jina watu wanaudhania sumu. Haikupita saa moja. Magari mawili ya polisi, gari la zimamoto, watu wenye barakoa na glavu, utepe umevutwa toka mti hadi mti. Milango yote ya mtaa ikafunguka. Ndiyo siku ya kwanza kuwaona majirani zangu wote nje kwa pamoja.

Mama alichungulia dirishani. "Nyumba ya wale wageni inaungua?" Kabla sijavaa viatu ameshatoka. Akaukuta mfuko wake unanyanyuliwa kwa koleo ndefu. Akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Ni unga. Ni unga wangu huo. Elia, waambie." Na akawa anaonyesha mdomo wake kwa vidole, kwamba unaliwa.

Polisi aliyenijia alikuwa kijana, wala hakuwa mbaya. Aliniuliza huyu ni nani, nikasema mama yangu. Hii ni nini? Nikasema ni unga wa chakula, kwetu tunampelekea mgeni. Akapumua, nikaona anaanza kutabasamu. Dada, laiti ningeishia hapo. Lakini mwenye nyumba alikuwa amesimama na mtoto mkononi, amepauka, akauliza, "Mtu gani anaacha kitu kama hiki mlangoni kwa watu?" Wote wakanigeukia. Miaka mitatu nimeishi nao na hakuna aliyewahi kuniangalia. Nikataka wanione niko upande wao.

Nikasema kwa Kiingereza: "Samahani sana. Mama yangu amezeeka, akili zake zimepungua. Hajui anachofanya. Haitatokea tena."

Hapo hapo wakalainika. Mwenye nyumba alinishika bega. Mama mmoja akasema pole, hata mama yake aliishia hivyo. Nilisamehewa na mtaa mzima kwa pumzi moja.

Mama akamwinamia Neema, mwanangu. "Baba yako amesema nini?"

Neema siku zote anasemeshwa kwa Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili safi: "Amesema Bibi ana kichaa."

Mama hakugomba. Aliingia ndani, akanawa mikono, akapika, tukala. Siku tatu alikuwa anaitikia salamu tu. Siku ya nne akasema, "Nipeleke kwa Zawadi."

Zawadi anakaa Gulfton, mtaa mmoja wa Houston, kwenye fleti zilizobanana, nguo zinakaushwa kwenye vyuma vya baraza, watoto wa kila nchi kwenye ngazi. Kabla sijazima gari kuna mwanamke aliita kutoka juu, "Mama, karibu, mmetoka mbali?" Mama akashuka mwenyewe, hakungoja nimfungulie mlango.

Baada ya wiki mbili nilienda kumwomba arudi. Alinipa kiti kizuri na soda, akaniuliza habari za kazi pale ghalani, kama anavyomuuliza mgeni wa mchungaji. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, twende nyumbani."

"Nimekusamehe siku ile ile, weye ni mwanangu. Lakini nirudi niishije? Mimi nikimwona mtu lazima nimsalimie. Nikiwasalimia wale, watasema, kweli, mtoto wake alituambia. Umenifunga mdomo, Elia."

"Basi nifanye nini?"

"Uliwaambia wote barabarani. Nenda mlango kwa mlango uwaambie tena kwamba mama yako ana akili zake. Ukimaliza njoo unichukue."

Hicho ndicho alichotaka, Dada, hicho tu. Ngoja nikunakilie daftari.

"Jumanne. Nimefika nyumba ya kona. Gari lao lipo. Sikubonyeza."

"Alhamisi. Nimefika tena. Taa ya kamera imewaka. Nimerudi."

"Jumamosi. Nimeandaa maneno kwenye karatasi. Nimepita bila kusimama."

Mke wangu ameacha kunihimiza. Alisema tu, "Mama aliigonga milango hiyo bila kujua hata neno moja la lugha yao." Kanisani nasimama kusoma neno mbele ya watu, kazini naongoza zamu, lakini pale mlangoni miguu inakuwa ya mtu mwingine. Nikisema mama yangu ni mzima, watauliza basi kwa nini nilidanganya, na jibu ninalo. Nilitaka kuwa mmoja wao, na kwa ajili ya hilo nikamtoa yeye. Sasa hata wao nawakwepa. Nikirudi kazini nabonyeza mlango wa gereji nikiwa bado mbali, niingie moja kwa moja, ujifunge.

Mtaa unazidi kukua. Ng'ambo, kule walikokuwa ng'ombe, wameshapaua safu nzima, na juzi malori matatu yameshusha mizigo. Hakuna aliyekwenda kuwaangalia.

Jana Zawadi amenipigia. Mama anaomba nimpelekee sweta zake, Biblia yake na kinu. Kinu, Dada. Mtu anayefikiria kurudi haagizi kinu. Nimekwisha kukipakia kwenye buti. Nitampelekea Jumamosi, na nikifika najua ataniuliza kama nimewaambia.

Usimpigie kunitetea. Na usimwombe arudi.

Nisalimie shemeji, na wifi yako mdogo aliyejifungua, na mama mkwe wako, mwambie dawa ya macho nimeipata. Mchungaji aliyetufungisha ndoa mwambie naomba sala, asiulize ya nini. Barua hii nampa binamu yetu anayesafiri, nimemwambia akukabidhi wewe mkononi.

Ni mimi mdogo wako,
Elia