Tangu Limbu Ahame, Hatuibiwi

Shangazi Verediana mpendwa, nisaidie, wiki nzima nawaza nimwambie nani. Mimi ni karani wa utafiti, tunapita nyumba kwa nyumba kuuliza kama wananchi wanaiamini polisi na mahakama, na kwenye kijiji kimoja nje ya Mafinga niliuliza mara ya mwisho waliibiwa lini, basi nyumba kumi na moja, wazee kwa vijana, wakanijibu maneno yale yale, "Tangu Limbu ahame, hatuibiwi," na kila mmoja akiyasema huku analitazama lundo la maranda la kiwanda cha mbao, linalofuka moshi mchana kutwa na hakuna anayelichochea. Nyumba ya mwisho ni ya mke wa Limbu, Mbuke, nikamuuliza mnaishi wangapi, akasema wawili, akanionyesha viatu vya mumewe mlangoni. "Polisi walimshika kwa wizi wa mbao, dada. Jumanne karudi kwa dhamana, wanakijiji wakasema kahonga. Jumatano hayupo. Sasa mtu anahama pekupeku na baridi hii? Kawaambie wakubwa zako." Shangazi, mwenyekiti wa kitongoji alikuwa uani ananisubiri, nikaogopa, nikabonyeza "hakuna tukio," na nilipotoka akaniambia kwa upole, "Umeandika vizuri," wakati kishikwambi nilishakizima. Msimamizi anasema tuliahidi siri, ninyamaze. Nikisema nitakuwa nimevunja ahadi? Namba ya Mbuke nimekuandikia nyuma ya barua.
Violet, Mlandege

Violet mwanangu, hiyo namba nimeipiga leo asubuhi. Kapokea mwanamume, kasema Mbuke amehama. Kwa hiyo sina muda wa kukubembeleza.

Siri ni ya aliyeitoa, na Mbuke alikutuma ukaiseme. Uliyemlinda ni wewe mwenyewe. Pole, hata mimi ningeogopa, lakini usijidanganye kwamba ni ahadi. Watu wale hawajui kuwa dhamana si kuachiwa huru, ni kungoja kesi ukiwa nyumbani, wakahukumu wenyewe, na fomu yako sasa inasema kijiji ni salama!

Rekebisha jibu hilo kwa maandishi, msimamizi apate nakala. Kijijini usirudi. Nimeshaongea na Frida, mwanasheria wa msaada wa kisheria hapo Iringa mjini, mwende pamoja kwa mpelelezi wa mkoa, useme ulichoona na ulichoambiwa, si unachodhani. Mtafuteni Mbuke kwanza, mengine baadaye. Barua hii itachapwa majina yakiwa yamebadilishwa, ila wewe nimekutumia jibu mapema ili usisubiri gazeti.

Kuogopa ogopa tu, mwanangu, lakini ogopa ukiwa njiani.