Kabati la Mama Emili

Mama yangu,

Jana tumemaliza arobaini yako. Watu wameondoka, masufuria ya majirani yamerudishwa, na mimi nimebaki hapa nyumbani kwako na baridi hii ya Ufipa ya mwezi wa saba, ambayo uliniambia nitaizoea na sijaizoea hadi leo. Wakati wa kula, mjukuu wako mmoja aliuliza kwa nini bibi hakuwahi kuwa na kabati, nguo zake zote zikakaa miaka yote ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Wadogo zangu wakacheka, wakasema bibi hakupenda makuu. Mimi niliendelea kukusanya sahani. Wao walizaliwa baadaye. Hawakukuona ulipokuwa na kabati ambalo watu walitoka vijiji vingine kuja kulitazama.

Nilikuwa msichana wa kusoma shule ya msingi ulipokuwa ukifua na kupiga pasi kwa wale Wamarekani. Bwana alikuwa mrefu, amekuja kuwafundisha watu wetu kuchimba visima. Mkewe sote tulimwita Mama Emili, kwa jina la binti yao. Nikitoka shule nilipitia huko kukusubiri, nawe ulinipa kitambaa nikusaidie kulisugua kabati lao kwa nta. Wewe ulisugua juu, mimi droo za chini. Mbao zake zilikuwa za rangi ya kahawa, na vishikio vyake vya shaba vilikuwa baridi mkononi.

Mama Emili alikaa kwenye kiti akakusimulia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kabati lile lilikotoka. Babu wa bibi yake alikuwa mkulima huko Marekani. Upepo uliangusha mti mkubwa shambani mwake, naye akaukausha, akaupasua mbao na kumtengenezea binti yake kabati alipopata mimba ya kwanza. Mtoto alipozaliwa theluji ilikuwa imefunga milango, kitanda cha mtoto hakuna, basi wakaichomoa droo ya chini, wakatandika blanketi na kumlaza humo karibu na moto. Tangu hapo ikawa desturi ya ukoo wao. Kabati hupewa binti mwenye mimba, na kila mtoto hulala kwanza kwenye droo ya chini. Mama Emili mwenyewe alilala humo. Akaja nalo kwa meli, likapanda lori kupitia Mbeya na Tunduma hadi kwetu, na Emili naye akalala humo.

"Mtoto ndani ya droo," ulisema, "kama soksi!"

Mlicheka nyote wawili mpaka yeye akajifuta machozi. Mimi nilikuwa sijawahi kukuona ukicheka hivyo na mtu asiye wa kwetu.

Mkataba wa mumewe ulipokwisha, mimba yako ya mdogo wangu Leonsi ilikuwa imeanza kuonekana. Mama Emili alikuwa ameharibikiwa na mimba mara mbili hapa kwetu, na daktari alikuwa amemwambia asijaribu tena. Siku ya kufunga mizigo alikushika mkono akauweka juu ya kabati.

"Mama Yusta, mimi sizai tena. Wewe unazaa. Chukua."

"Na Emili je? Si ni lake?"

"Emili mtoto bado. Na meli mbali. Wewe karibu."

Ulilia, mama, nami nikalia kwa sababu wewe ulilia. Baba alikuja na mkokoteni wake wa ng'ombe, akalizunguka kabati, akalipima kwa macho, akauliza, "Hili litaingia mlango gani kwetu?" Kweli halikuingia. Alibomoa fremu ya mlango akaijenga upya. Leonsi alipozaliwa ulimlaza kwenye droo ya chini. Bibi yangu alikasirika, akasema mtoto wa Kifipa halazwi kwenye sanduku. Ulimjibu kwa upole, "Shikamoo, mama. Njoo umwone anavyolala." Akaja, akaona, akamfunika vizuri blanketi.

Kisha ikaja operesheni ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Tulitakiwa kuhama kutoka bondeni kwetu, chini ya kilima, kwenda kijiji kipya kwenye uwanda ulio wazi kando ya barabara ya Muze. Leonsi alikuwa amefika umri wa kukimbia na kuuliza maswali. Lori lilifika asubuhi. Mgambo waliingia ndani wakatoa mitungi, magunia ya ulezi, vitanda vya kamba. Walipolifikia kabati, mkubwa wao akatikisa kichwa.

"Mama, tunahamisha watu. Hatuhamishi makabati."

Ulikaa chini kwenye sakafu, ukaliegemea.

"Basi andikeni kwamba mwanamke mmoja amekataa kuhama."

Nilidhani watakupiga. Yule mgambo alikutazama, akamtazama baba, kisha akasema kama kuna mkokoteni, lifuate kwa mkokoteni, lakini lori halitasubiri. Ndivyo tulivyohama. Sisi tulikwenda kwa lori, na wewe na baba mkaja nyuma na ng'ombe, kabati limefungwa kamba, na mvua ikawanyeshea njia nzima. Mlipofika ulikuwa umelifunika kwa kanga zako zote na mwenyewe unatetemeka.

Kule uwandani hapakuwa na mti. Asiyewahi kufika kule huenda asielewe, lakini wewe unajua. Nyasi mpaka macho yanapoishia, na upepo. Fito za kujengea zilifuatwa mbali, na mbao hazikuwepo kabisa. Tulikaa ndani ya kibanda cha nyasi ambamo kabati lilichukua nusu ya nafasi. Watu walikuita Mama Kabati. Kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti alisimama akasema kwa adabu kwamba ofisi ya kijiji haina pa kuweka mafaili, na kwamba katika ujamaa kitu kizuri hakikai kwa mtu mmoja.

Ulisimama. Nilikuwa nimekaa na wasichana wenzangu, nikatamani ardhi inimeze.

"Mwenyekiti, jembe langu liko shamba la kijiji. Ng'ombe wa mume wangu wanalima shamba la kijiji. Mkitaka nije kufagia ofisi, nitakuja. Kabati siwapi. Lile ni la watoto."

Mtu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, "Bepari huyo!" Watu wakacheka. Kwa miezi kadhaa shuleni waliniita Bepari Mdogo. Nilikuwa na hasira na wewe, nikaona afadhali ungelitoa tu, tuishi kama wengine.

Surua ilikuja na baridi. Zahanati ilikuwa bado kuta zisizo na paa. Leonsi alianza na macho mekundu, kisha homa, kisha vipele vikamjaa mwili mzima. Baba alikwenda barabarani kutafuta gari la kwenda hospitali ya Sumbawanga, akarudi bila kitu. Akaenda tena. Siku ya pili ulimfunga Leonsi mgongoni ukaanza safari kwa miguu, mimi nikikufuata na chupa ya maji. Hatukufika mbali. Jua lilikuwa limeshapanda ulipopiga magoti kando ya barabara ukamshusha mgongoni. Ulimgusa midomo, ukamfunika uso na kanga, ukaniambia, "Yusta, turudi." Hukupiga kelele. Ulimbeba tena mgongoni, vilevile kama aliye hai, ukarudi naye. Tulipokutana na watu njiani walikusalimu, nawe ukaitikia.

Nyumbani baba alikuwa amekunja mkeka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba wazee wetu walizikwa kwa mikeka na Mungu aliwapokea.

"Najua," ulisema. "Lakini ardhi hii siijui. Sitamlaza mwanangu bila ubao kwenye ardhi nisiyoijua."

"Mbao zitoke wapi, Mama Yusta?"

Ulikwenda kwenye kabati ukachomoa droo moja moja, ukatoa nguo zetu ukazikunja juu ya kitanda. Ndipo baba alipoelewa. Alisema, "Hapana," akasema tena, "hapana," kisha akaenda kutafuta nyundo.

Kabati lile halikuwa na misumari, unakumbuka? Mbao zilikuwa zimeumana kwenye pembe, na baba hakujua pa kuanzia. Alikuwa akigonga huku machozi yanamwanguka. Mwenyekiti alifika kutoa pole, akakuta kazi ile. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Kisha alivua koti, akapiga magoti upande wa pili, akaushika ubao ili baba agonge. Sauti ya mbao zile zikiachana baada ya miaka yote ile ilikuwa kama mtu anayekohoa.

Leonsi alizikwa jioni ile ile. Katekista alisali, kwa kuwa padri alikuwa mbali.

Surua haikuishia kwetu. Kesho yake alikuja mama wa nyumba ya nne, akasimama uani, kanga yake imefungwa kichwani. Ulimtazama mara moja, ukaingia ndani, ukatoka na ubao wa juu wa kabati umeubeba mwenyewe. Kisha akaja mwingine. Kisha bibi mmoja kwa ajili ya wajukuu. Alikuja hata mke wa yule mtu aliyekuita bepari, na kwake ulipeleka mbao za ubavuni mwa kabati bila kungoja aseme. Baridi ilipopungua na surua nayo ikapungua, kabati lilikuwa limekwisha. Ilibaki droo ya chini peke yake. Hakuna aliyekuita tena Mama Kabati. Wanawake wa kijiji kile walianza kukuita dada, wote, hata waliokuzidi umri.

Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa tayari mwalimu mjini, Emili alikuja. Mwanamke mzima, mrefu kama baba yake, Kiswahili chake cha utotoni kimebaki maneno machache. Alikuwa na mimba. Aliniambia mama yake alifariki, na kwamba siku za mwisho alilitaja sana kabati. Aliomba nimlete kwako alione, na kama tungekubali, alinunue alirudishe kwao. Njia nzima nilipanga uongo. Nilitaka kusema mchwa.

Hukunipa nafasi. Ulimkumbatia, ukamkalisha, ukamuuliza habari za mama yake, ukalia kwa ajili ya mama yake. Kisha ukasema, "Kabati nimewazikia watoto. Wangu na wa wenzangu. Mwambie, Yusta, mwambie vizuri."

Nilimwambia. Nilimwona akiumia, mama, na sitasema kwamba hakuumia. Alikuwa amesafiri kutoka upande wa pili wa dunia kufuata kitu cha bibi zake. Hatimaye aliomba apelekwe makaburini. Tulitembea polepole kwa ajili ya mimba yake. Ulimwonyesha moja moja, ukimtajia jina la kila mtoto, naye akilirudia kila jina kwa shida mpaka alitamke sawa.

Tuliporudi uliingia ndani ukatoka na droo ya chini. Ulikuwa ukiweka humo mbegu za maharage. Ulizimwaga kwenye ungo, ukapangusa vumbi kwa mkono, ukampa.

"Wewe ulilala humu. Mtoto wako naye atalala humu."

Alikataa, ukasisitiza, akaichukua. Gari lilipoondoka nilikukasirikia kwa mara nyingine maishani mwangu. Nilikuuliza kwa nini umeitoa, wakati ni kitu pekee kilichobaki ambacho Leonsi alilalia.

Ulikuwa ukichambua zile mbegu kwenye ungo. Hukuinua macho.

"Leonsi hakuwa kwenye droo," ulisema.

Sikukuelewa, na sikukuuliza zaidi. Wewe na baba hamkuwa watu wa kumtaja. Baba alifariki na lake moyoni. Wadogo zangu hawakumwona, wanajua tu kwamba alikuwepo mtoto mmoja kabla yao. Siku hizi arobaini zilipokuwa zikienda ndipo nilipotambua kilichonikalia kifuani. Kukulilia ninakulilia, na nitakulilia hadi mwisho. Lakini kuna kilio kingine kilichojificha chini ya hicho. Hadi ulipoondoka tulikuwa wawili tu duniani tuliokuwa bado na Leonsi mioyoni. Sikuwahi kukuambia kwamba ninamkumbuka. Niliogopa kukuumiza, nawe pengine ulinyamaza kwa kuogopa kuniumiza mimi, na hivyo tumekaa miaka hii yote, kila mtu na mtoto wake yule yule.

Kwa hiyo nakuambia leo, kwa kuchelewa. Alikuwa akiwaamkia ng'ombe, mama. Kila asubuhi walipotoka zizini alisimama njiani, mikono nyuma, akawaambia shikamoo mmoja mmoja, na hakuwapisha mpaka aone wameitikia. Wewe ulijibu badala yao kutoka jikoni, kwa sauti nzito ya ng'ombe: "Marahaba."

Ulale salama. Mimi bado namsikia, nawe nakusikia ukimwitikia.

Mwanao wa kwanza,
Yusta