Pipa la Uani

Mabawa, Alhamisi, 1956

Bi Mwanakombo kaninunia, na ana haki.

Alasiri alikuja kuliomba lile pipa, kaliona limelala tu uani. "Shoga, nawe hulitumii. Nipe mie nikingie maji ya mvua." Nikamwambia sitoi. Jirani tunayeazimana hata kaa la moto, namnyima pipa tupu!

Baba Zuhura alilileta kutoka shamba la mkonge. Lilikuwa la dawa ya kuulia wadudu. Tulilisugua kwa mchanga na majivu, na harufu iliyobaki nikaiondoa kwa kulifukiza ubani, kama tufukizavyo mitungi. Maji yakanukia vizuri. Zuhura akayanywa. Aliposhikwa na kiu isiyokatika, nikamzidishia yayo hayo.

Sasa mwanangu, na udogo wake wote, anadungwa sindano ya kisukari kila siku.

Leo asubuhi nilimuuliza daktari kama ni lile pipa. Akanijibu, "Mama, sijui. Ugonjwa huu huwapata hata watoto wasiokunywa maji ya pipa." Nilitaka aseme ndiyo, au siyo, walau nipumue.

Basi Bi Mwanakombo ningemwambia nini? Nikisema ni sumu, daktari mwenyewe hajui. Ataona natafuta kisingizio cha kumnyima. Lakini ana watoto wadogo, na nikinyamaza nikampa...

Kabla ya magharibi nilichukua shoka nikalitoboa pipa kitako. Vishindo Bi Mwanakombo kavisikia, najua. Kesho mtaa mzima utasema nina choyo, naona bora kuharibu kuliko kutoa.

Na waseme. Wanawe wakishikwa na kiu, watakunywa maji ya kisimani.