Paa Moja na Baba Mkwe

Jumatatu, 7 Aprili
Miguu inawaka moto. Siku ya pili ya kuzunguka mlima Rungwe. Nilisema tusubiri masika ipite, nani anisikilize? Ambakisye, mume wangu, anataka kuleta watalii huku, na njia anaijua baba yake tu. Mimi mpishi.

Tumefikia banda la wapasua mbao. Paa la nyasi, moto, majani makavu ya kulalia. Nimevua viatu, nikajiona malkia.

Raha yenyewe nusu. Baba mkwe yuko nje, chini ya turubai. Desturi ya Kinyakyusa: mkamwana halali chini ya paa moja naye wala hamtazami, na mzee hapunguzi hata chembe. Mimi wa mjini, Bagamoyo. Mwaka wa pili wa ndoa, hajawahi kunisemesha. Chai anapelekewa na Ambakisye. Inamfikia imepoa.

Jumanne, 8 Aprili
Mvua kutwa. Mzee anakohoa. Jioni tumepata kibanda cha kulindia viazi, kidogo kama banda la kuku, lakini hakivuji. Nimesema nitalala nje mimi, yeye aingie. Mume wangu kaleta jibu: baba hawezi kuacha mwanamke alale nje naye yupo hai.

Kiburi gani hiki! Viazi vya kuchoma vitamu, nimeviacha nusu. Namkasirikia. Namhurumia pia.

Jumatano, 9 Aprili
Mzee hawezi kusimama. Anatetemeka mwili mzima. Mtandao hakuna. Ambakisye ameshuka kutafuta watu wa kumbeba. Tumebaki wawili, mimi ndani, yeye nje.

Bado Jumatano
Mvua ya mawe. Turubai likachanika. Nikamwita, kimya. Nikaogopa kufiwa na mtu ambaye sijawahi kumtazama.

Nikajitanda khanga mpaka machoni, nikatoka, nikamshika makwapani, nikamburuta. Mzito huyo! Akalalamika kwa Kinyakyusa. Nikamshukuru Mungu, anayelalamika hajafa.

Khanga ya pili nimeitundika katikati. Moto nimemwachia upande wake. Nikasukuma kikombe cha chai chini ya khanga. Mkono ukakipokea.

Halafu sauti:

"Mama, tangawizi imezidi."

Nimelia, kisha nikacheka. Nikamwambia, "Kunywa hivyohivyo, baba."

Alhamisi, 10 Aprili
Wamekuja na machela. Wote wameiona khanga. Ambakisye ameikunja, akanipa.

Jumapili, 27 Aprili
Mpuguso, nyumbani. Mzee anatembea, kikohozi kimekwisha. Desturi iko palepale, akipita uani nageukia ukutani. Ila kigoda chake amekihamisha. Siku hizi anakaa nje, chini ya dirisha la jiko langu.

Chai naipitisha dirishani bila kuchungulia. Tangawizi nimepunguza.

Leo asubuhi nimemsikia akiipuliza.