Povu la Kileleshwa na Upawa wa Baba

Kangemi, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na kofia nimeivua. Macho yako yanaamkaje siku hizi? Na mgongo wa Mama, ile dawa ya kuchua imeufaa au bado anainuka akijishikilia ukutani? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na chumba changu hakivuji tena tangu mwenye nyumba abadilishe mabati mawili, baada ya kumsumbua mpaka akawa akiniona anageuza njia.

Najua anayekusomea barua hii ni Rasoa, ameketi kwenye kigoda pale mlangoni penye mwanga. Rasoa dada yangu, soma polepole, na usiruke mahali ninapokutaja. Kile kikohozi chako kimepona, au bado kinakushika kila ukiwa karibu na karai la sukari?

Baba, barua yako ilinifikia. Umesema macho yamechoka na moshi, kwamba siku nyingine huoni tena povu la sukari guru likibadilika rangi. Umesema mimi ndiye mwana wako wa kiume wa pekee, na kwetu upawa wa kuengulia povu haushikwi na binti. Basi miwa ya kule mtoni ikikatwa nirudi niushike, isipokuwa kama nimepata kazi yenye jina. "Kufagia ngazi za watu si kazi yenye jina," ndivyo ulivyoandikisha. Siku ya kwanza nilikasirika, sikufichi. Siku ya pili nikaona una haki ya kuuliza. Leo nakujibu, na nimeamua kukujibu kwa barua kwa sababu maneno ya simu huisha kabla mtu hajasema alichokusudia.

Jengo ninalolinda na kufagia liko Kileleshwa, nilikueleza. Ghorofa ya tatu anakaa Madam Njeri, mwanamke wa makamo anayefanya kazi ofisini kule Westlands. Ana heshima zake na ulimi wake mkali. Sebuleni mwake kuna sanduku la kioo, refu kama kitanda changu, limejaa maji ya chumvi. Ndani kuna samaki wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, na kuna matumbawe. Matumbawe ukiyaona utadhani ni mawe yaliyoota maua, kumbe ni viumbe hai, yanakula na yanafunga midomo yakikasirika. Najua utauliza samaki hao wanaliwa lini. Hawaliwi, Baba. Hata mimi niliuliza, na Madam Njeri akaniangalia kama niliyeuliza paka wake anapikwaje.

Aliyekuwa akilitunza sanduku hilo alihama. Madam akaniomba niwe nambadilishia maji kila Jumamosi, nami nikawa napanda ghorofani na ndoo zangu. Lakini maji yalizidi kuwa ya manjano. Samaki wanakula, wanachafua, chakula kinaoza, na kubadilisha maji peke yake hakutoshi. Matumbawe yakaanza kufunga, moja baada ya jingine. Ndipo akanieleza kwamba kuna mashine, wenyewe wanaiita skima, ambayo husukuma viputo vidogo sana vya hewa ndani ya bomba. Viputo vinapanda vimebeba uchafu, juu vinakuwa povu, povu linamwagikia kwenye kikombe, na wewe unakwenda kulimwaga. Nilicheka mpaka akauliza kulikoni.

"Madam," nikamwambia, "hiyo ni kazi ya baba yangu. Tofauti ni kwamba hapa hakuna moto."

Nikamweleza juu ya karai letu, jinsi maji ya miwa yanavyochemka, uchafu ukapanda juu na povu, na wewe ukausubiri ukomae ndipo uengue. Nikamwambia na lile neno lako, kwamba povu jepesi linakuibia na povu zito linakufanyia kazi. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Basi ni wewe utanichagulia hiyo skima," akasema. "Mimi nimechoka na watu wa kuongea tu. Na nikwambie, Barasa, hii ndio mara ya mwisho. Maji ikiwa safi, hii tank ni kazi yako, na ile ya reception kwa ofisi yetu pia utashika. Corals zikikufa, nitapeana kila kitu na nisahau."

Nami moyoni nikajiwekea nadhiri. Mashine ikishindwa, napanda basi la Kakamega, nashika upawa, na hutanisikia nikinung'unika.

Duka lenyewe liko Westlands, nyuma ya majengo marefu ya maofisi. Nilikwenda na kamba yenye fundo, niliyopimia kabati lililo chini ya sanduku, ambamo mashine ingekaa, na mtungi wa lita ishirini wa maji yale yale ya manjano. Muuzaji ni kijana mcheshi, amevaa miwani ya jua kichwani ingawa tulikuwa ndani. Aliponiona na mtungi akadhani nimekuja kuuza maji.

"Niaje buda! Unataka skima? Chukua hii kubwa, hii ni moto. Hii hata ukitaka kusafisha swimming pool inasafisha."

"Iwashe kwanza," nikasema.

"Nani huwasha skima kwa duka? Soma tu hapa kwa box."

"Kwetu hakuna anayenunua karai kabla halijachemshiwa kitu ndani. Maji nimekuja nayo."

Akacheka, lakini akatoa ndoo. Ile kubwa ilinguruma, viputo vikapanda vikubwa kama vya maji ya ugali, vikifika juu vinapasuka tu. Kwa macho ilipendeza, lakini kiputo kikubwa hakibebi kitu, wewe mwenyewe ulinifundisha. Ya pili ilikuwa na viputo vizuri, ila nilipoisimamishia kamba yangu ilipita fundo kwa kiganja kizima. Isingeingia kabatini hata kwa maombi. Ya tatu ilikuwa fupi, nene, haina taa wala urembo. Nilipoiwasha maji yakageuka meupe kama maziwa, viputo huwezi kuvihesabu. Nikajaribu kutoa kikombe kwa mkono mmoja, kikatoka. Nikauliza pampu yake ikiharibika nitaipata wapi, akanionyesha nyingine rafuni. Nikasema ndiyo hii.

"Buda, hiyo ni ya tank ndogo," akasema.

"Soma hapa kwa box," nikamwambia. Akasoma, akakuta lita za sanduku letu zimo kabisa. Halafu, nimpe haki yake, akaniambia jambo la maana, kwamba mashine mpya haitoi povu siku za mwanzo mpaka iyazoee maji. Nisiwe na haraka.

Sikuwa na haraka. Siku nne hakukuwa na kitu. Siku ya tano, asubuhi, povu likaja, na lilikuja lote! Jeupe, jepesi, likajaza kikombe, likamwagikia kabatini mpaka kwenye zulia la Madam. Sasa Baba, wewe karai likitaka kufurika unafanyaje? Unatia kidole kwenye mafuta, unazungusha ukingoni, povu linatulia. Mkono wangu haukuniuliza. Niliingia jikoni kwa Madam, nikachota mafuta ya kupikia kwa kidole, nikapaka shingo yote ya ile mashine. Povu likatulia pale pale. Nikasimama nimeshika kiuno, nikajiona mimi ndiye fundi.

Povu halikurudi. Kesho yake hakuna, kesho kutwa hakuna. Mashine inanguruma, maji ni meupe ndani ya bomba, lakini juu ni pakavu. Lile tumbawe kubwa la kijani, ambalo Madam hulisalimia kabla hajasalimia watu, likafunga kabisa.

"Si ulisema unajua hii kazi?" Madam akaniuliza. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Jioni ile nilifungasha nguo zangu mbili tatu kwenye mfuko. Niliogopa, Baba. Kurudi kwako sikukuogopa. Niliogopa kurudi nimeshindwa na povu, mimi mtoto wa karai.

Kabla ya kumuaga Madam nilikwenda kwenye simu ya jamii hapa Kangemi, nikampigia Rasoa. Nilimwomba asikwambie, kwa hiyo usimkasirikie.

"Ulipaka nini?" akaniuliza.

"Mafuta. Kidogo tu, kwa kidole."

Akacheka mpaka nikahofia simu itakatika. "Barasa, kwani wewe ulikuwa unataka povu ama hukutaka? Baba hupaka mafuta ndio povu ife! Umeiua, sasa unauliza iko wapi?"

Nilikuwa nimekumbuka mkono wako nikasahau sababu yake. Wewe povu ukishaliengua hulitaki tena, unataka sukari iliyobaki. Mimi nilitaka povu lenyewe liendelee kupanda mchana na usiku. Hakuna mtu wa Nairobi angefanya kosa lile, Baba. Lilihitaji mtoto wako.

Halafu Rasoa akauliza, "Na kabla upake, ilikuwa rangi gani?"

"Nyeupe. Nyepesi, kama ya sabuni."

"Basi maji yako iko juu sana. Karai ikijaa, povu inakosa mahali pa kukaukia. Punguza maji, uipatie nafasi ya kupanda."

Mashine hiyo hajawahi kuiona hata kwa picha.

Nilikwenda kwa Madam nikamwambia ukweli wote, mafuta na kidole. Aliniangalia, akaingia jikoni, akanirudia na chupa ya siki. Tulifungua mashine kila kipande, tukaiosha kwa siki na maji ya moto, nikabadilisha na sehemu ya maji ya sanduku. Kisha nikashusha maji ndani ya bomba kiasi cha vidole viwili. Tangu siku ile sijipaki mafuta mikononi ninapokwenda kazini, na mikono yangu imekuwa kama ya mtu aliyetoka kuzoa majivu.

Baada ya siku tatu nilifungua kabati nikakuta kikombeni kitu cheusi, kizito, kinachonuka vibaya sana. Nilimwita Madam kwa sauti kubwa kiasi kwamba alikuja mbio akidhani kuna moto. Tukasimama wote wawili tunanusa uchafu na kufurahi kama wendawazimu. Wiki hii maji ni safi mpaka unaona saa ya ukutani upande wa pili, na lile tumbawe la kijani limefunguka. Jumatano wageni walikuja wakauliza nani anayelitunza sanduku. Madam akaninyooshea mkono. "Huyu ndiye fundi wangu wa maji," akasema. Kuanzia mwezi ujao nashika na lile la ofisini kwao. Ngazi atafagia mtu mwingine.

Kwa hiyo jibu langu ni hilo, Baba. Kazi ina jina, na sitarudi miwa ikikatwa. Nakuja Krismasi, kama mgeni wa kawaida, na nitakula kama mwenyeji.

Salamu nazitanguliza hapa, maana nikishasema linalofuata hakuna atakayezisikiliza. Msalimie Mama, na umwambie akae chini anapomenya viazi. Nyanya mwambie shali yake nimeinunua, ya buluu kama alivyotaka. Baba mdogo, mwenye ng'ombe wa kuzungusha kinu, mpe pole kwa yule fahali aliyeumia mguu. Na mchungaji wetu mwambie bado naimba sauti ya pili, ingawa huku wananisukuma niimbe ya tatu.

Sasa sikiliza. Krismasi iliyopita nilisimama nyuma yako siku nzima mkichemsha. Kila mara kabla hujasema "engueni", Rasoa aliyekuwa akitia makapi ya miwa motoni alikohoa. Mara ya kwanza nikadhani ni moshi. Mara ya sita nikaanza kutazama povu, na kila alipokohoa, povu lilikuwa limekomaa wakati ule ule. Akiwa ameenda kisimani hukusema chochote, ukangoja mpaka aliporudi. Nadhani unajua, Baba. Nadhani umejua tangu macho yaanze kuchoka, na unamshukuru kwa kutokusema. Mimi uliyeninyooshea upawa niliua povu kwa kidole kimoja. Yeye aliliponya akiwa mbali, kwa maneno matatu ya simu. Mila ya upawa ni yako wewe na babu, siidharau, lakini babu hakuwa na mtoto anayeona povu kama huyu.

Upawa mpe Rasoa.

Dada, najua umenyamaza hapa. Usiruke. Mrudie Baba sentensi hiyo kwa sauti, kama ilivyoandikwa.

Nabaki mtoto wako nikupendaye na kukutii, isipokuwa kwa hili moja,

Barasa, fundi wa maji

Rasoa: siku ya kwanza ukiwa nao mkononi, usikohoe. Sema.